Mashine Isiyorusha Unga

Mume wangu mtaa mzima wanamwita Skwea, kwa sababu ya kile kipimo cha pembe anachotembea nacho mfuko wa nyuma. Hali chakula mpaka meza ikae sawa, na picha ya harusi yetu ameinyoosha mara nyingi hadi msumari umelegea. Ni fundi wa mageti na madirisha, na karakana yake ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba yetu. Mimi ni dobi. Wateja wananiita Mama Weupe, na jina hilo nimelipata kwa kusugua hadi kucha zikalainika. Kamba zangu za kuanikia zinaanzia kwenye nguzo ya kibanda chake na kuishia getini. Yeye anakata chuma huku, mimi naanika kule. Miaka kumi na minne tumeishi hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuona ujinga wa mpango huo.

Niseme mapema kwamba nina kinyaa, tena si cha kujifanya. Kola ya mtu naijua kuliko mkewe anavyoijua. Nikimwona mtu anafuta mdomo kwa mkono wa shati natamani kumvua papo hapo, maana shati hilo litakuja kwangu Jumatatu likiwa limekauka.

Basi mwaka huu Skwea akapata kazi ya madirisha ya shule nzima, grainda yake ya kukatia chuma ikawa inalia kutwa, na madoa yakanianza. Vidoti vya rangi ya kutu, vidogo kuliko kichwa cha pini, mabegani na mgongoni mwa makoti meupe ya zahanati. Zamani nilikuwa nikikuta viwili vitatu, navimaliza kwa ndimu na chumvi juani. Sasa vilikuja kama upele. Nililaumu maji ya bomba. Nililaumu sabuni, nikaenda kumtolea maneno mwenye duka mbele za watu, maskini, na hakuwa na kosa. Mwisho nikaongeza dawa ya kung'arishia, na madoa badala ya kufifia yakaiva. Kutu ukiitia dawa ile ndiyo unaipalilia. Hilo nilijifunza kwa makoti ya watu.

Nesi mkuu alikuja mwenyewe, koti mkononi, amelishika kwa vidole viwili.

"Mama Weupe, wagonjwa wananiuliza kama nimerukiwa na damu," alisema. "Nakuheshimu, lakini ya wiki ijayo yakirudi hivi, itabidi nitafute mtu mwingine."

Makoti ya zahanati ndiyo kazi yangu. Mengine ninayofua ni soksi za wapita njia. Usiku ule sikupata usingizi, na kesho yake nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo kabisa: shuka moja mbichi niliitundika kambani, ya pili nikaitundika ndani chumbani, maji yale yale, sabuni ile ile. Asubuhi iliyofuata ya chumbani ilikuwa safi. Ya kambani ilikuwa na upele, na nilipoipitishia kiganja ilikwaruza. Ulikuwa unga wa chuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nimefunga nacho ndoa.

Kwa haki ya Mungu, Skwea hakubisha. Aliitazama ile shuka, akaitazama grainda yake.

"Na mimi nimeichoka hii," alisema. "Twende tukachague mashine nyingine."

Alisema kwa upole, ila macho yalikuwa yanacheza. Nikajua kuna mashine kashaipenda.

Duka lenyewe lilinitia kinyaa tangu mlangoni. Grisi sakafuni, grisi kwenye kitasa, kikombe cha chai chenye ukoko wa wiki nzima kimewekwa juu ya boksi la misumari. Muuzaji alikuwa anachokonoa sikio kwa ufunguo wa stoo. Akautoa, akakitazama ulichovuna, akaupangusa ukingoni mwa kaunta, halafu akampa mume wangu mkono ule ule.

"Karibu sana, mzee."

Mimi hakuniona. Nilishukuru, maana mkono ule nisingeupokea.

Alituonyesha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa na jiwe la kukatia pana kama sahani, linashuka juu ya chuma kwa mpini. Skwea aliushika ule mpini kama mtu aliyeshikishwa mtoto wake wa kwanza. Ya pili ilikuwa msumeno wa mkanda: ukanda mwembamba wa meno unaozunguka polepole, na trei chini yake.

"Ipi hairushi unga?" niliuliza.

Muuzaji alimjibu mume wangu. "Mwambie mama chuma si mahindi." Akajichekea. "Mzee, mchagua jembe si mkulima. Chukua hii ya jiwe, inakata kama mkate. Huo mkanda ni wa wastaafu."

Nilifungua mkoba nikatoa vitambaa viwili vyeupe, vibichi, nilivyovifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuja nimejiandaa.

"Kata," nikamwambia. "Kwa mashine zote mbili. Nataka kuona."

Tulianza na mkanda. Nilitundika kitambaa kimoja kwenye mpini wa fagio nyuma ya mashine. Msumeno ulikula chuma taratibu, huku muuzaji akipiga miayo na kujikuna kwapani. Kipande kilipoanguka, kitambaa kilikuwa kama nilivyokifua. Chini kwenye trei zilikuwepo chenga za chuma, nzito, zimetulia.

Zamu ya jiwe, Skwea akaomba akate mwenyewe. Kitambaa cha kwanza nilikiacha pale pale kwenye fagio, nikalihamishia nyuma ya mashine ya jiwe. Cha pili nilitaka kukiweka upande wa mbele, nijue unga unarudi umbali gani, lakini mbele hapakuwa na pa kutundika. Basi nikamfunga nacho Skwea usoni, puani na mdomoni, fundo kisogoni.

"We mwanamke," alisema kupitia kitambaa, "mimi nimekuwa kamba yako?"

"Leo ndiyo. Kata."

Muuzaji alicheka mpaka akakohoa, akatema sakafuni, akayafuta mate yake kwa soli ya kiatu. Nikageuza uso.

Jiwe lilipiga kelele, cheche zikaruka, na kabla sijahesabu kumi chuma kilikuwa vipande viwili. Skwea alisimama pale anatabasamu kwa macho. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye fagio. Kitambaa kilikuwa kimejaa vidoti, na matundu mawili yaliyoungua. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikiinua juu kama aliyeshinda kesi.

"Umeona?"

Kisha nikamfungua kile cha usoni.

Kilikuwa kimegeuka kijivu chote. Penye pua palikuwa na mabaka mawili meusi, na penye mdomo moja pana. Nikakigeuza upande wa ndani. Weusi ulikuwa umepenya. Na hapo alikuwa amekata chuma kimoja tu; nyumbani anakata sitini kwa siku.

Kila asubuhi Skwea akipiga mswaki hutema cheusi kwenye sinki, na mimi humfokea aende nje, asinichafulie. Hata siku moja sikumuuliza kwa nini ni cheusi. Kidoti cha kwenye koti la nesi nilikitafutia chanzo mpaka nikagombana na watu, nikafanya majaribio ya shuka mbili. Kinyaa chote nilichokuwa nacho na yule muuzaji, na ufunguo wake na mate yake, kilinigeukia. Nilijiona mchafu.

Skwea hata hakukitazama kitambaa. Mkono ulikuwa bado juu ya mpini.

"Ni hii," alisema. "Usihofu kuhusu makoti, mke wangu. Nitajenga ukuta pale katikati, kamba tuzihamishie nyuma ya nyumba. Unga hautakufikia tena."

"Ehee!" muuzaji alidakia. "Mzee ana akili. Mama ameshapata dawa yake."

"Na mapafu yako," nilimuuliza Skwea, "nitayaanika wapi?"

Nilikuwa nimemnyooshea kile kitambaa. Skwea alikipokea, akakitazama mbele, akakigeuza, akakinusa. Halafu aliuacha mpini wa ile mashine, akasogea kwenye msumeno wa mkanda.

"Huu unakata pembe ya nyuzi arobaini na tano?"

"Unakata, mzee, lakini polepole sana."

"Nimekuuliza kama unakata."