Daktari na Mumewe

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kalamu, shangazi yangu alikuwa akinawa mikono mpaka viwikoni kama mtu anayekwenda kukanda unga, anaikausha, anapuliza vidole, ndipo anakaa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya waalikwa juu ya bahasha za harusi katika duka la kadi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hadi wateja walisema bahasha inaishinda kadi yenyewe.

Siku ile alinawa mara mbili, na kalamu bado hajaigusa. Tarishi wa duka alikuwa amerudi na habari: bahasha moja imezua balaa. Ilikuwa ya mke na mume wa mtaa wa pili. Mke ni daktari. Mume ni seremala, tena mcheshi, kila akipita dukani hupaza sauti, "Mume wa Daktari nimefika!" na sote tukamzoea hivyo. Basi shangazi akaandika alivyozoea kusikia: Dkt., jina la mke, halafu "na Mumewe". Yule bwana akaisoma mbele ya kaka zake.

"Atakuja tu," shangazi aliniambia nilipompelekea chakula. Hakukigusa. Kila kivuli mlangoni kilimshtua. Mwenye duka, tuliyemwita Moto Chini kwa pupa zake, alikuwa ameshamtahadharisha: "Yule anaozesha binti karibuni, na kadi zake nazitaka mimi. Nikimkosa yeye, na wewe umenikosa."

Akaja kweli, hacheki. Akaibwaga bahasha mezani.

"Dada, mimi nani hapa? Mkoba wa daktari?"

"Nisamehe, shemeji. Si wewe mwenyewe huwa unasema..."

"Mdomoni ni utani! Hii imeandikwa. Kaka zangu wananiuliza kama jina langu nalo nililitoa mahari."

"Sasa niandikeje?"

"Bwana na Bibi, halafu jina langu. Basi."

Shangazi akamgeukia Moto Chini. "Na udaktari wa mkewe?"

"Andika, mama. Mteja kasema."

Akaandika. Kwa mara ya kwanza niliona herufi zake zinapanda mlima. Seremala akasoma, uso ukamkunjuka. "Sasa hapo nimo!" Akaondoka nayo.

"Umeona?" Moto Chini akashusha pumzi. "Yamekwisha."

"Hayajaisha. Kesho atakuja mkewe."

"Akija utamwandikia ya kwake."

"Na mume akiiona?"

"Utaandika tena. Si ndiyo kazi yako?"

Shangazi akatazama rundo lililobaki. Hakimu na mkewe. Mwalimu na mhandisi. Mwanajeshi aliyeoa profesa. Akainua moja, akairudisha kama imemuunguza.

"Hawa nani atangulie?" akauliza.

Moto Chini alikuwa ameshamkimbilia mteja mwingine.

"Natoka kidogo, nipate hewa," akasema shangazi, na sauti yake haikufika popote. Nilimwona kupitia dirisha, anakwenda mbiombio, mikono kaikumbatia kifuani. Tulimngoja hadi duka likafungwa. Kiti chake siku hizi amekikalia mwingine.