Siga za Jumamosi

Siku kaka yangu alipoipa alama thelathini siga ambayo mimi nilikuwa nimeipa tisini na moja, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tulikuwa tumeketi nyuma ya nyumba yake huko Ruiri, mahali ambapo ukuta wa jikoni unakinga upepo, na daftari letu lilikuwa kwenye kiti katikati yetu.

"Iko na ladha ya sabuni," alisema.

"Sabuni wapi, kaka? Hii ni makadamia iliyokaangwa. Halafu mwishoni kuna asali, ile nyeusi ya kwetu Mbeere."

"Mimi nakwambia ni sabuni."

"Basi mdomo wako umezeeka."

Alitabasamu kidogo, akaandika thelathini yake, akaizima siga yake ikiwa bado imebaki theluthi nzima. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Siga nzuri huizimi. Unaiacha ife yenyewe.

Siga si sigara. Haina karatasi wala kichungi. Ni jani ndani ya jani, limekunjwa kwa mkono, unene wa kidole gumba, na huivuti mpaka kifuani. Unauweka moshi mdomoni, unauzungusha, unautoa. Jambo hilo tulilirudia mara nyingi, kwa wake zetu, kwa mchungaji aliyetuuliza, na sisi kwa sisi: hatuvuti mpaka kifuani. Tulilisema kama watu wanaoonyesha cheti.

Tumbaku hatukuianzia ukubwani. Tulizaliwa karibu na Ishiara, na baba yetu alilima tumbaku ya kampuni. Karo zetu zilitoka kwenye yale majani. Tukiwa wadogo tuliyachuma asubuhi yakiwa na umande, na kufikia saa nne tulikuwa tunatapika kando ya mitaro, kwa maana umande wa tumbaku huingia mwilini kupitia ngozi. Mama alitunywesha uji, tukarudi shambani. Hakuna aliyeuona kuwa ugonjwa. Uliitwa uvivu wa msimu.

Kaka alikuja kuwa mwalimu wa sekondari upande wa Buuri, akaoa huko, akanunua kipande cha shamba. Mimi nilipata kazi katika kinu kimoja cha kahawa karibu na Runyenjes, na baada ya miaka michache wakanifunza kuonja. Hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo. Ninachota kahawa kwa kijiko, naifyonza kwa kelele, naizungusha mdomoni, natema ndooni, naandika alama. Mnunuzi mmoja mgeni ndiye aliyenipa siga ya kwanza, kama zawadi. Niliipeleka Ruiri Jumamosi, tukaivuta kwa zamu na kaka. Tulikuwa tumelima tumbaku utoto wetu wote na hatukujua kwamba inaweza kuwa tamu.

Kutoka hapo ikawa desturi. Niliagiza siga kutoka duka moja la Nairobi, za Kuba, za Nikaragua, za Jamhuri ya Dominika. Fundi mmoja wa Meru alitutengenezea sanduku la mwerezi la kuzihifadhia, na ndani tuliweka sifongo yenye unyevu zisikauke. Jumamosi mbili kila mwezi nilipanda kwenda Ruiri na siga mbili za aina moja. Tulitoa alama kwa umbo, kwa jivu, kwa namna moto unavyotembea, kwa ladha. Hatukuruhusiwa kuongea mpaka imebaki theluthi. Kisha tulifunua daftari na kubishana. Nadhani sijawahi kumjua mtu kama nilivyomjua kaka yangu katika ubishi ule. Nyumbani kwetu watu hawakuwa wakiambiana wanavyohisi, lakini tuliweza kubishana saa nzima kama ladha fulani ni ganda la miraa au ni udongo wa mvua ya kwanza.

Baada ya ile thelathini, alama zake ziliendelea kushuka. Arobaini. Ishirini na tano. Nilimtania kwamba anasahihisha siga kama insha za kidato cha pili. Kisha nikaanza kumpa ushauri, kwa maana mimi ndiye mtaalamu. Nilimwambia aache pilipili, anywe maji mengi, apumzishe mdomo wiki tatu. Siku moja alinionyesha mahali kando ya ulimi.

"Kuna kidonda hapa. Hili jino limekuwa likinikwaruza."

Nilimwambia afungue mdomo nikaangalia. Nakumbuka vizuri nilichoona: alama nyeupe, ndogo kuliko punje ya maharagwe, na wekundu kuizunguka.

"Sukutua na maji ya chumvi," nikasema. "Na jino ling'olewe."

Jino liling'olewa. Kidonda kilibaki. Ilipita miezi saba tangu siku ile ya sabuni, na katika miezi hiyo tulivuta siga kumi na tatu kila mmoja. Nimezihesabu kwenye daftari.

Shemeji ndiye aliyempeleka hospitalini. Alinipigia simu nikiwa kazini, akasema tu, "Shemeji, njoo Meru. Wanataka kukata kipande cha ulimi wapime." Majibu yaliporudi tulikuwa watatu ndani ya chumba cha daktari. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimuuliza kaka kama anavuta sigara.

"Hapana, daktari," kaka akajibu. "Ni siga tu. Na hatuvuti mpaka kifuani."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamwangalia, kisha akaniangalia mimi, kwa sababu kaka alikuwa amesema *hatuvuti*. Akaeleza taratibu kwamba kifua ni kitu kimoja na mdomo ni kingine, na kwamba moshi uliozungushwa ulikuwa umekaa pale pale penye kidonda. Shemeji alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Walimkata nusu ya ulimi huko Nairobi, na tezi za shingo upande mmoja, kisha wakamchoma kwa mionzi. Alirudi Ruiri akiwa amepungua sana, analishwa uji kwa mpira uliopitia puani. Alikuwa mwalimu wa historia, mtu wa kusimulia mpaka darasa la jirani linyamaze. Sasa aliandika kwenye madaftari ya wanafunzi, na mwandiko wake mzuri ukazidi kuwa mkubwa na kuyumba.

Jumamosi moja alasiri aliniandikia: *Lete moja. Washa. Niambie.*

Nilikataa. Aliandika tena, akapigia mstari. Nikaleta. Nikawasha pale nyuma ya jikoni, yeye akiwa amefunikwa blanketi, macho yake yakiwa kwenye mdomo wangu. Ilikuwa siga bora kuliko zote nilizowahi kuonja. Sijui kama ni kweli ilikuwa hivyo. Nilikaa kimya mpaka theluthi, kama ilivyokuwa sheria yetu, kisha nikasema, "Si nzuri. Imekauka. Thelathini."

Aliandika: *Usinidanganye.*

Basi nikamwambia. Nikamwambia kuna mkate wa moto ndani yake, na karafuu kidogo, na kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Alifumba macho. Machozi yalishuka yakafika pale penye mshono. Nilikuwa na ladha ile yote mdomoni na nilijihisi kama mtu anayekula chakula cha mgonjwa mbele yake. Shemeji alitoka jikoni akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

Alituangalia kwa muda, kisha akarudi ndani na kufunga mlango.

Kaka alikufa kabla mahindi hayajavunwa. Siku ya mazishi, watu wakiwa wanaingia chini ya hema, shemeji aliniita kando ya nyumba. Kwa wiki nzima alikuwa hajanisemesha.

"Umesikia wanayosema?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesikia. Walisema mwalimu mwenzake alimwekea kitu kwenye chai, kwa sababu ya cheo cha naibu mkuu. Ulimi hauozi hivi hivi, walisema.

"Yule mwalimu amekuja, ameketi peke yake. Hakuna mtu anataka kukaa karibu naye," shemeji akasema. "Wewe unajua kilichomuua mume wangu. Utasimama useme."

"Mbele ya watu wote?"

"Wewe kazi yako ni ulimi. Ulimwangalia mdomo ukamwambia chumvi. Utasimama."

Nilisimama. Mchungaji alidhani nitatoa wasifu wa marehemu. Nilisema kaka yangu hakulishwa sumu na mtu. Nilisema ni tumbaku, na kwamba siga nilizileta mimi, kila moja, kutoka Nairobi mpaka pale nyumbani. Nilisema kidonda nilikiona na macho yangu na sikumpeleka popote. Ng'ombe wa jirani walisikika. Nilitaka kuongeza kwamba nilimpenda, lakini nikaketi.

Yule mwalimu alinifuata baadaye akanipa mkono. Wazee wawili wa ukoo walinilaumu kwa kuaibisha marehemu, na mmoja hanisalimii mpaka sasa.

Siga zilizobaki nilizitupa chooni. Sijavuta nyingine. Ningependa kusema tamaa imeisha, lakini haijaisha. Kuna Jumamosi nakaa uani na mate yananijaa mdomoni, na ninajichukia. Kahawa bado naonja, kwa kuwa sina kazi nyingine ninayoijua.

Kila baada ya miezi sita naenda hospitali ya Embu, natoa ulimi nje, daktari anaushika kwa kitambaa na kuumulika pande zote. Siku hiyo hiyo simu hulia, kwa sababu shemeji anajua tarehe.

"Umeenda?"

"Nimeenda."

"Wamesema nini?"

"Ni safi."

Kisha anakata.