Tulivyolikagua Darasa la Tatu

Niliingia kwenye kamati kwa ajili ya mjukuu wangu, na hilo naliandika mapema ili mtu asije akadhani nilifuata soda. Soda ilikuja yenyewe baadaye. Mjukuu alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu, na kusoma hajui. Mama yake, ambaye ni binti yangu, anafanya biashara ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Mtoto alianzia shule kule, akafundishwa herufi kwa Kibemba, kisha akaletwa kwangu Tunduma katikati ya mwaka na kuchomekwa kwenye darasa la watoto walioanza na Kiswahili tangu awali. Dukani kwangu alikuwa anahesabu mifuko ya mchele bila kukosea na kumtania mteja kwa lugha tatu. Ila neno "kuku" likiandikwa ubaoni lilimshinda.

Aliyekuwa anamsaidia alikuwa mmoja tu, binti mwalimu wa kujitolea, mhitimu wa chuo anayesubiri ajira. Kila mchana wenzake wakishaondoka, yeye alibaki nyuma ya jiko la shule na watoto kama ishirini wa namna hiyo, akiwafundisha kwa herufi alizozikata kwenye maboksi ya biskuti. Hakuna aliyemtuma. Jioni moja mjukuu wangu alishika karatasi ya sabuni akasoma, "Sa-bu-ni," halafu akanitazama kuona kama nimesikia. Nilifurahi mpaka nikampa na sabuni yenyewe.

Kwa hiyo ofisi ya elimu ya halmashauri ilipotafuta wananchi wa kujitolea kuishauri juu ya ufundishaji na ujifunzaji, na mtaa wetu ukaambiwa utoe mama mmoja asiyeogopa kusema, nilikubali siku hiyo hiyo. Shida yangu ilikuwa moja. Nilitaka yule binti asiondoke, na ikiwezekana apewe chumba chenye paa.

Kamati ilikuwa na jina refu hata mwenyekiti alilisoma kwenye karatasi. Tulikuwa saba, ila wasemaji walikuwa wachache. Mwenyekiti alikuwa wakala wa forodha, mtu ambaye kazi yake ni kuvusha malori ya watu mpakani, na alizungumza kwa haraka siku zote, ungedhani kuna lori linapiga honi nyuma yake. Alikuwepo mwalimu mstaafu ambaye kila sentensi yake ilianza na "enzi zetu". Alikuwepo mchungaji, aliyefungua vikao kwa sala ndefu inayoanzia ikulu na kuishia kwenye mifugo. Na mimi, mwuza mchele, ambaye nilitambulishwa kama sauti ya wazazi.

Vikao viwili vya kwanza tulijadili rangi ya fulana. Mchungaji alitaka nyeupe kwa sababu ya usafi wa moyo. Mwalimu mstaafu alitaka bluu kwa sababu enzi zao ilikuwa bluu. Nilikumbusha kuwa kwa vumbi la malori ya Tunduma nyeupe itakaa nusu saa, na huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kwanza kwa elimu ya nchi hii. Ulipokelewa kwa makofi. Tukafungua na kundi la simu, na tangu hapo kila alfajiri nikawa napokea picha za maua zenye mistari ya Biblia, lakini kuhusu ufundishaji sikumbuki kupokea kitu.

Kikao cha tatu tukakubaliana kutembelea shule, tuanze na ile ya mjukuu wangu. Mwenyekiti akasema barua itangulie wiki mbili kabla. Nikauliza kwa nini tusiende tu asubuhi moja, tukawakuta walivyo.

"Mama, unataka tuvamie?" mwalimu mstaafu akashtuka. "Enzi zetu hata mkaguzi alibisha hodi."

Mchungaji akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mama yangu, hata Bwana atakuja, lakini alitutaarifu kwanza."

Nijuavyo mimi, Biblia inasema atakuja kama mwizi. Ila sikutaka kubishana na mtumishi wa Mungu juu ya kazi yake. Barua ikatangulia.

Siku yenyewe tulipokelewa kwa wimbo. Watoto walikuwa wamepangwa juani wakituimbia kwamba sisi ni taa yao, na mwenyekiti, ndani ya fulana ya bluu, alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu asiyeona sababu ya kukataa. Tukasaini kitabu cha wageni. Kisha mwalimu mkuu akatuingiza darasa la tatu. Nililijua lile darasa, nilikuwa nimeshafika pale kuulizia habari za mtoto, na siku za kawaida wanakaa wanne kwenye dawati la wawili. Siku hiyo walikaa wawili wawili, wamepakwa mafuta wanang'aa, na nyuma kukabaki madawati matupu.

"Tutachukua sampuli," mwenyekiti akatangaza, na akanyoosha kidole kwenye dawati la kwanza mlangoni.

Mtoto wa dawati la kwanza akasoma vizuri kabisa. Wa dawati la pili akasoma. Wa tatu akasoma hadi akapitiliza ukurasa, tukamzuia. Mwalimu mstaafu akafuta macho kwa leso.

Hapa naomba nieleze tulikuwa watu gani. Ninauza mchele wa Kamsamba, na ninajua ninapoweka ule mzuri: mdomoni mwa gunia. Mteja naye anajua kuwa najua, ndiyo maana anakuja na bambo, kile chuma chenye mfereji, anachoma gunia ubavuni na kutoa punje za katikati, anazitia kinywani, ananitazama usoni. Mwenyekiti wetu anajua maboksi gani hukaa mlangoni mwa kontena siku ya ukaguzi, maana huyapanga mwenyewe. Mchungaji analima mahindi na huyauza pale pale sokoni. Hakuna hata mmoja kati yetu saba aliyewahi kununua gunia kwa kuangalia mdomo wake. Mpakani hapa ukifanya hivyo unachekwa na watoto. Lakini tulipopewa watoto wenyewe tuwakague, tuliangalia wa mlangoni, tukasema mzigo ni safi.

Mjukuu wangu hakuwepo darasani. Asubuhi nilikuwa nimemfunga vifungo vya sweta kwa mikono yangu, nikamwona anaingia getini. Nikasogea dirishani. Nyuma ya choo kuna bustani ya shule, na mle palikuwa na watoto wapatao ishirini wameinama wanapalilia, na sweta moja lilikuwa na kiraka cha kiwiko nilichokishona mwenyewe. Yule binti mwalimu alikuwa amesimama kando yao. Aliponiona dirishani akatazama chini.

"Mwalimu, na wale?" nikamwuliza mwalimu mkuu.

"Wale ni klabu ya mazingira, mama," akajibu bila kupepesa.

Klabu ya mazingira! Watoto wote ambao herufi zimewagomea wamependa mazingira siku moja, saa moja. Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kusema, na nafasi ilikuwepo, kwa sababu wote walikuwa wananingoja. Lakini dakika kumi kabla mwenyekiti alikuwa amenitambulisha mbele ya walimu wote kama mama wa mfano, mama anayejua thamani ya elimu. Ningesema wale waingizwe, mmoja angekuwa wangu, na angepewa kitabu mbele ya fulana saba za bluu. Nasema ukweli, niliona aibu. Sikumwonea mtoto haya, nilijionea mwenyewe. Nikasema, "Vizuri. Mazingira ni muhimu."

Baada ya hapo tukala. Mgeni njoo mwenyeji apone: walimu ambao kwa mwezi mzima hula ugali na maharage walipata kuku, na sisi tukapata mapaja. Wali ulikuwa wa Kamsamba, niliutambua kwa harufu kabla haujafunuliwa. Tukiwa kwenye soda, mwalimu mstaafu akatoa taarifa ya ziara, imeshapigwa chapa. Aliiandika jana yake, akaacha nafasi ya jina la shule tu, akalijaza kwa kalamu. Mstari wa nne ulisema: wanafunzi wote wa darasa la tatu wanasoma kwa ufasaha. Karatasi ikazunguka meza. Ilipofika kwangu nikaona saini tatu zimeshatangulia, nikaweka ya nne, na kwa kuwa sisaini vitu mara nyingi nikaiandika kwa madoido.

Getini yule binti alinikimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, wakiuliza juu ya wale wa bustanini, utasema?"

"Nitasema," nikamjibu, na nikapanda bajaji na kuku wangu tumboni.

Wiki tatu baadaye tukaitwa kikao. Afisa elimu alikuja mwenyewe kutushukuru. Kwa ushauri wetu wa kitaalamu, alisema, halmashauri imeona kuwa kusoma si tatizo tena katika shule ile, na kwa hiyo mwalimu wa kujitolea anapelekwa shule nyingine ya pembezoni yenye uhitaji. Tukapiga makofi. Niligundua mikono yangu nayo inapiga.

Nilisubiri mpaka mengineyo, pale ambapo watu huwa wameshaanza kutafuta funguo zao. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, labda wapo wachache ambao bado."

"Mama mjumbe," mwenyekiti akasema kwa upole, kama anavyowaambia madereva waliochelewa, "mzigo umeshavuka. Taarifa iko Vwawa, mkoani, imegongwa muhuri. Ikishapanda huko haishuki. Natotela sana, asante sana kwa mchango wako."

Mwalimu mstaafu alikuwa ameudhika, maana taarifa ilikuwa yake. "Wapo gani? Mtaje mmoja."

Mmoja. Hawakuniomba zaidi ya mmoja, na huyo mmoja nilikuwa nimempikia uji asubuhi ile. Nilifungua kinywa. Mchungaji alikuwa ananitazama, mwenyekiti alikuwa ananitazama, afisa elimu alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika jina. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliyechaguliwa kwa kutoogopa kusema nikasema, "Basi, nitafuatilia." Katibu akaandika kuwa mjumbe ameshauri ufuatiliaji uendelee.

Nilirudi nyumbani nimejawa na hasira na kila mtu. Nilimlaani mwenyekiti na malori yake, nikamlaani mstaafu na enzi zake, nikamlaani mwalimu mkuu na mazingira yake. Nyani haoni kundule. Nilikuwa katikati ya kuwalaani nilipomkuta mjukuu ameketi kizingitini na begi mgongoni, saa nane mchana, wakati siku zote alikuwa anarudi saa kumi.

"Mbona mapema?"

"Madam ameondoka. Ametuaga." Akatoa mfukoni kipande cha boksi chenye herufi M. "Kanipa hii. Wengine wamepewa nyingine."

"Amesema anakwenda wapi?"

"Shule ya mbali. Anasema wamemhamisha kwa sababu sisi tumeshajua kusoma wote." Aliigeuza ile herufi mkononi. "Bibi, nani kawaambia tumeshajua?"

Ningeweza kusema kamati. Ningeweza kusema wakubwa. Kiswahili kina maneno mengi ya kumfichia mtu, na mwaka ule nilikuwa nimejifunza karibu yote.

"Ni mimi," nikasema.

Hakulia. Alikunja paji la uso namna ile anavyolikunja neno likimshinda.

"Lakini Bibi, si unajua kuwa mimi sijui?"

"Najua," nikamwambia.

Alivua begi, akalitundika kwenye msumari, akaenda dukani kupanga mifuko.