Mwaka wa Arvid Kallio

Kwa miaka thelathini Arvid Kallio hakuwahi kulewa kwa kupenda kwake. Kama si msimamizi wa bandarini aliyemtibua, basi ni baridi ya mji wetu wa Duluth, kaskazini mwa Marekani. Kama si baridi, basi ni mkewe, Mungu amrehemu, ambaye hakuonja hata divai. Koo lilikuwa lake, makosa yalikuwa ya watu. Nampenda sana mzee huyu, ndiyo maana simpambi.

Alipojiunga na kikundi chetu cha walioacha pombe, kwenye chumba cha chini cha kanisa, tulimpa kazi ya kahawa. Aliipika nyepesi kupindukia, na ukilalamika anakugeukia: "Wewe uliyekunywa visivyonyweka, leo unachagua kahawa?"

Bintiye, Marit, alimwahidi jambo moja: baba akimaliza mwaka bila tone, atamwachia mjukuu wake Elsi, wa miaka minne, washinde siku nzima wawili tu. Tangu vuli wimbo wa Arvid ulikuwa siku hiyo tu.

Ikafika, Jumamosi ya Juni, saa sita mchana. Marit akaketi mbele, Elsi mapajani. Mimi ndiye mlezi wa Arvid kikundini, nikasimama nikamsifu weee, nikamkabidhi sarafu ya shaba ya mwaka mmoja. Akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Si yangu, kaka. Februari, kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, nilikunywa bia mbili."

Niliona haya, kisha nikapandwa na hasira. Miezi minne ananipigia simu kila asubuhi, "Mkavu kama kuni, kaka, hata tone!" Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Marit akauliza palepale, "Nani alikupa?"

Nilijua wenzake wote wa kuvua, nikangoja amtaje mmoja.

"Hakuna mtu. Nilinunua mimi, nikanywa mimi. Na wewe nimekudanganya mimi, mwanangu."

Kwetu, anayechukua sarafu nyeupe ya kuanza upya ndiye hupigiwa makofi kuliko wote, kumshinda hata mwenye miaka ishirini bila pombe. Arvid alikuja kuichukua. Tulipiga makofi hadi viganja vikawasha. Nililia, na wala sifichi.

Watu walipoanza kukunja viti, Marit akamfuata.

"Elsi sikuachii, baba. Tulisema mwaka."

"Najua."

"Na usinitazame hivyo, sitabadilisha."

"Sijasema kitu, mwanangu."

Alimweka mtoto chini, akamshika baba yake shati kwa mikono miwili, nikadhani anataka kumtikisa.

"Nina miaka thelathini na sita," akasema, sauti ikimkatika. "Leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia ni wewe. Twende nyumbani ukale."