Mpiga besi aliyelipeleka gitaa lake kwa seremala

Saa nne asubuhi, sufuria inachemka jikoni na kilichomo si chakula. Ni nyuzi nne za gitaa la besi, zimejikunja ndani ya maji yaliyokwisha kugeuka rangi ya kutu. Mwenye sufuria anazigeuza kwa mwiko, anazikagua, kisha anaongeza moto.

"Hizi zina miaka minne," anasema. "Mpya ni ghali, zinauzwa kama dawa. Zikichemka, mafuta ya vidole yanatoka, zinalia tena. Mtu akikuambia nyuzi zake za besi zimekufa, muulize kwanza kama amezipika."

Barazani, mumewe ameinamia cherehani yake. Hageuki nyuma. "Mwandishi, ukikaribishwa chakula cha mchana hapa, uliza kimepikwa sufuria gani."

Mama huyu ana miaka hamsini na mitatu. Nyumbani anaitwa Mama Pacha. Ukumbini anaitwa Nguzo, jina alilopewa na wacheza dansi, wala hakujipachika mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita amepiga besi katika bendi ileile, inayotumbuiza familia kila Jumapili mchana, na kwa miaka yote hiyo amekuwa na gitaa moja tu, la kiwandani.

Leo ana kazi nzito. Lazima apige onyesho zima akiwa amesimama. Akishindwa, nafasi yake inakwenda kwa mpigaji mwingine. Kiongozi wa bendi alimwambia hivyo mbele ya wenzake, na hakupunguza sauti.

Chanzo cha yote ni bega. Gitaa lake lilikuwa na uzito uliokaribia kilo tano, na limening'inia kwenye bega la kushoto tangu pacha wake wakiwa wanatambaa. Mwaka jana vidole vya mkono huo vikaanza kufa ganzi katikati ya wimbo. Hospitali wakamwambia apunguze mzigo au apunguze kazi.

Aliomba kiti. Kiongozi akamjibu, "Bendi yangu si wodi. Watu hawalipi kiingilio kuja kutazama wagonjwa."

Kupunguza kazi hakuwezekani. Malipo ya Jumapili moja yanalisha nyumba siku nne, na cherehani ya mumewe ikijitahidi inazimalizia tatu zilizobaki. Lakini ukimsikiliza vizuri, fedha si jambo linalomuuma zaidi. "Mimi ni mpiga besi," anasema. "Ukiniondoa pale jukwaani, nitakuwa nani? Mama wa kupika nyuzi?"

Ili kuuelewa ukaidi wa mama huyu, ni lazima kwanza ufahamu jinsi alivyokuwa akiwacheka wenye magitaa ya bei mbaya, yale ya kuagiza kwa fundi na kusubiri mwaka mzima. Hakuwaonea huruma hata kidogo.

"Mcheza dansi hajawahi kuninyooshea mkono kuniuliza gitaa langu limetengenezwa na nani," anasema. "Mguu wake ndio unaojua. Ukiinuka, gitaa ni zuri. Usipoinuka, hata likiwa la dhahabu ni kuni."

Mumewe, Baba Pacha, hakubaliani naye hata chembe, na ana sababu. Zamani alishona sare za shule tatu. Siku hizi nguo za dukani zimemmaliza, na wanaobisha hodi wanaleta suruali za kupunguza miguu.

"Kila anaposema cha kiwandani kinatosha, mimi nimekaa hapa na mashine namsikia," anasema. "Ana maana gani? Nifunge?"

"Nimesema gitaa, Baba Pacha. Sikusema suruali."

"Ni yaleyale."

Ugomvi huo wameulea pamoja na watoto wao. Pacha wameshakua na kuhama, ugomvi umebaki.

Miezi minne iliyopita akajitokeza daktari wa meno, mteja wa siku nyingi wa ukumbi huo. Naye hupiga besi, ila nyumbani tu, akiwapigia mkewe na, kwa bahati mbaya, majirani. Aliagiza gitaa lake kwa fundi wa ng'ambo anayetengeneza machache kwa mwaka, kwa mkono, kila moja kwa mtu wake. Bei yake ingenunua kiwanja na kuzungushia ukuta. Aliposikia habari za bega, alilileta mwenyewe kwenye sanduku lake, akasema, "Mama, kaa nalo mwezi mzima."

Si mtu wa majivuno, daktari huyu, na Mama Pacha anampa haki yake. Gitaa nalo halinyimi haki yake, ingawa unaona linamwia vigumu.

"Nilitaka kulichukia, nikashindwa," anasema. "Shingo yake inakaa pale unapoiweka. Langu ukiliachia, shingo inaanguka, inabidi uishikilie jioni nzima. Kwa lile, vidole havikufa ganzi hata mara moja. Jumatatu nikainua mkono kuanua nguo kwenye kamba, sikuguna. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hujui raha yake pia. Hilo nakubali."

Wacheza dansi je, walisikia tofauti? Anacheka. "Hakuna aliyegeuza shingo."

Aliyegeuza shingo, Jumapili ya tatu, alikuwa kiongozi wa bendi. Walipokuwa wakikunja nyaya alimsogelea, akamwambia, "Leo umepiga kwa adabu."

Msomaji anaweza kudhani ni sifa. Kwa wanamuziki wa dansi hilo ni tusi, na Mama Pacha alijua ni la haki.

"Nilikuwa naogopa kulikwaruza," anasema. "Nalishika kama mtoto wa watu. Besi haipigwi hivyo, besi unaigombeza. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mwenye mali, hata kuegemea siegemei."

Baba Pacha alikuwa na msemo tayari, na alikuwa ameungoja. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," anasema, kisha anamwomba mwandishi radhi, kisha anaurudia.

Gitaa likarudishwa kabla ya mwezi kwisha. Mama Pacha anasema alilia njiani, na hasemi kwa kuona haya. "Sikulililia gitaa. Nililililia bega langu. Lilikuwa limepumzika, na mimi ndiye niliyekuwa nalirudisha kwenye mateso."

Lakini kabla ya kulirudisha alipita nalo duka la pembeni, penye mizani ya kupimia unga. Akalipima. Kisha akapima lake. Tofauti ilikuwa kilo moja na nusu.

"Nikamwambia mwenye duka, nipimie sukari kilo moja na nusu niishike mkononi. Nikaishika. Nikasema, yaani kifuko hiki ndicho kinachoniua? Na mtu ananitaka nitoe kiwanja ili nikitue?"

Siku iliyofuata alimpelekea gitaa lake mdogo wa mumewe, ambaye ni seremala wa vitanda na milango. Akamwambia alikate.

Shemeji yake anakumbuka alivyoweka patasi chini. "Nilimwambia, shemeji, mimi sijui muziki. Nikikosea, nimekula kazi yako. Akanijibu, kwani nimekuambia upige? Nimekuambia ukate."

Hakuna aliyemuunga mkono. Mpiga solo alimwambia mbao ndiyo sauti, ukiipunguza umepunguza sauti. Kiongozi wa bendi alikuwa mfupi zaidi: "Ukilikata hilo, umeikata na kazi." Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa hakuwa na gitaa jingine wala uwezo wa kununua jingine. Seremala akaliweka kabatini siku kumi, akitumaini hasira za shemeji yake zitapoa.

Aliyekwenda kulitoa kabatini alikuwa Baba Pacha, na utepe wake wa kupimia shingoni, na chaki mfukoni.

Alimsimamisha mkewe katikati ya karakana, gitaa likiwa begani. Akamwambia apumue. Akamwambia ainame, ainue mkono, ageuke kama anavyogeuka jukwaani. Mbao ilipombana ubavu, akatia alama ya chaki. Ilipomsugua mkono, akatia nyingine. Alifanya yote hayo kama mtu anayepima gauni la bibi harusi.

"Nimempima mwanamke huyu nguo kwa miaka thelathini," Baba Pacha anasema. "Bega la kushoto limeshuka kidole kizima. Najua tangu lilipoanza."

Mkewe anamtazama. Ni wazi anaisikia habari hii kwa mara ya kwanza. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Ungeacha besi? Nilikuwa naziba kwenye mshono."

Mama Pacha anaingia jikoni kutazama moto ambao hauhitaji kutazamwa, na anakaa huko kwa muda.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Seremala alichimba mgongo wa gitaa kwa patasi, akizikwepa sehemu zenye nyaya na sumaku, kisha akaipiga randa kona ya mbele pale mkono unapoegemea. Kwa masalio ya ubao wa kitanda aliongeza kijipembe cha kufungia mkanda, mbele zaidi ya kile cha zamani, ili shingo iache kuanguka. Mkanda ulishonwa na Baba Pacha, mpana, wa tabaka mbili, umejazwa ndani kama bega la koti.

Mizani ya unga ikasema kilo tatu na nusu.

Kuhusu sauti, maoni yanatofautiana. Mama Pacha anasema ni ileile, mbao imetoka na sauti haikuuliza imekwenda wapi. Shemeji yake anaapa imezidi kuwa nzuri, lakini huyo anasifia mkono wake. Mwandishi wa makala haya, ambaye shuleni aliombwa aache kuimba, hakusikia tofauti yoyote.

Kwa sura, gitaa hilo linatisha. Mgongo ni mbao tupu yenye makovu ya patasi, na kijipembe kina rangi nyingine kabisa. Kiongozi wa bendi alipoliona aliagiza lifunikwe kwa kitambaa. Mama Pacha alikataa. "Lina kovu, mimi nina kovu, na yeye ana upara," anasema. "Aanze yeye kujifunika."

Wiki iliyopita daktari wa meno alipita karakana, akamkuta seremala pamoja na Mama Pacha na mumewe. Aligeuza gitaa huku na huku, akalivaa. Kisha akauliza, kama wangemtengenezea la namna hii lililopimwa mwili wake, ingekuwa bei gani. Seremala akaangalia sakafu. Mama Pacha ndiye aliyejibu.

"Ileile uliyompa yule wa ng'ambo."

"Lakini mama, hili si la kiwandani?"

"Lilikuwa."

Baba Pacha alicheka hadi akatoa sindano mdomoni kwa usalama wake. Daktari aliondoka akisema atafikiri, na hadi leo anafikiri.

Saa tisa alasiri ukumbi umejaa. Akina mama wameweka mikoba chini ya meza, watoto wanateleza sakafuni. Nguzo anapanda na gitaa lake, mgongo mtupu ukionekana kila anapogeuka, na leo anageuka mara nyingi kuliko inavyohitajika. Hapigi kwa adabu. Bibi mmoja mwenye fimbo anainuka kwenye wimbo wa pili, anaiacha fimbo kitini na hairudii.

Katika mapumziko wenzake wanakaa. Yeye anasimama ukutani, anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. Vinauma kidogo, anasema, lakini vipo vyote na anavisikia.

Jua linapokaribia kuzama, kiongozi anainua mkono kufunga wimbo wa mwisho. Mpiga dramu anafunga. Solo linafunga. Besi inaendelea.

Kiongozi anamgeukia. Nguzo anamtazama usoni na kuendelea. Waliokuwa wameshachukua mikoba wanaiweka tena chini. Mpiga dramu anamwangalia huyu, anamwangalia yule, halafu anaokota vijiti vyake. Kiongozi hana la kufanya ila kurudi kwenye maikrofoni na kuimba.

Wimbo huo unazaa mwingine, na huo unazaa wa tatu. Katikati ya wa tatu, kiongozi wa bendi, mwanamume wa miaka sitini na kitu na shati lililolowa mgongo mzima, anasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, anakaa, miguu inaning'inia, na anaimba akiwa hapohapo. Nyuma yake Nguzo amesimama.

Baadaye, wakikunja nyaya, mwandishi anamuuliza Mama Pacha kama magitaa ya bei mbaya yanafaa bei yake.

"La daktari linafaa, kwake yeye," anasema. "Alilingoja kwa mapenzi yake na anakula kwa meno ya watu. Mimi niletee la kiwandani na msumeno."

Je, kiongozi amesema lolote kuhusu nafasi yake?

"Hajasema kitu, na sikumuuliza." Anafunga sanduku, anajitwika begani. "Nimuulize ili iweje? Nina miaka kumi mingine ya kupiga. Yeye ndiye aangalie kama ataiweza."