Sahihi Aliyoirudisha Shangazi Somoe

Iko siku moja ambayo mpaka leo naikumbuka kwa hasira, mwanangu. Ni siku niliyomsukuma mama mwenye uchungu juu ya mkokoteni katikati ya Kariakoo, huku mkunga aliyeijua kazi yake akitembea pembeni yangu, mikono kaifunga mgongoni kama mtu aliyetoka kutazama maduka.

Mkunga huyo alikuwa shangazi yangu, Somoe. Zamani alikuwa amewapokea watoto wengi wa mitaa ile, wengine wakapewa hata jina lake. Kisha mumewe akaitikia mwito wa kuhamia kijiji cha ujamaa huko kwao Lindi, naye akamfuata. Kijijini hakukuwa na kituo cha wazazi. Shangazi akalima mihogo na kuokota korosho, na leseni yake ya ukunga, iliyopaswa kuhuishwa kila muda wake ulipokwisha, ikafia ndani ya sanduku la nguo. Mume alipofariki alirudi Dar es Salaam, akapanga chumba kilichopakana na changu Mtaa wa Narung'ombe. Wanawake wakasikia Bi Somoe karudi, wakaanza kubisha hodi.

Akawarudisha wote. "Nendeni hospitali. Mimi sina leseni."

Mimi nilikuwa kijana wa kuhangaika. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu kachoka na maswali yangu, nami nimechoka na fimbo yake. Nilikata mkonge Tanga, nikauza kahawa Magogoni kwa watu wanaongoja kivuko, nikavuta mivukuto ya moto kwa mafundi majiko, na wakati huo nilikuwa nasukuma mkokoteni wa mizigo sokoni. Karatasi sikuzipenda. Kila nilikosimama palikuwa na mtu anayeniuliza kitambulisho cha kazi, kana kwamba jasho lililonitoka halikumtosha kuwa ushahidi.

Basi Jumapili hiyo alasiri uchungu ukamshika jirani yetu, Mama Siwema. Siku hizo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri, ili mafuta yabanwe. Shangazi akamtazama, akamgusa paji la uso, akasema, "Bado ana nafasi. Lete mkokoteni wako."

"Shangazi, si umzalishe hapa hapa?"

"Lete mkokoteni."

Tukamtandikia magunia na godoro, tukaondoka. Nikawa nasukuma na kulalamika.

"Mikono yako si ile ile, shangazi?"

"Sukuma. Na hilo shimo ulikwepe."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo ni langu," akasema Mama Siwema kutoka juu ya magunia, "na anayeliumiza ni wewe na shimo lako. Unasema kama cherehani."

Kwenye kona muuza nazi mmoja akanipigia kelele, "Mwanawane, leo umebeba mzigo gani huo unaonguruma?" Mama Siwema akamjibu kwa neno ambalo siwezi kukuandikia.

Tukafika kwenye kliniki ya wazazi iliyokuwa Mchafukoge. Wauguzi wakampokea, na shangazi akabaki nje langoni, ameegemea nguzo. Mtoto alipolia kule ndani, shangazi alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulijikunja na kujikunjua, kama unaotafuta kitu ulichozoea kukishika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliwarudisha wale wanawake huku moyo ukimuuma. Alitaka kurudi kwenye ile kazi kuliko kitu chochote duniani, ila hakutaka kuingilia dirishani.

Kesho yake akaniambia nimpeleke kwenye ofisi ya leseni. Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Kabla shangazi hajafungua kinywa, mimi nikauliza, "Ndugu, leseni inakufaje na mwenyewe yu hai?"

"Wewe ndiye mkunga?"

"Hapana."

"Basi kaa kwenye benchi."

Nikakaa. Akamgeukia shangazi, akamwamkia shikamoo, akamweleza polepole. Leseni iliyolala muda mrefu kiasi kile haifufuliwi kwa kugongwa muhuri. Sharti akafanye kazi wodini chini ya mkunga mwenye leseni hai. Huyo msimamizi akisharidhika, atie sahihi, ndipo jina lirudishwe kwenye daftari la wakunga.

"Na msimamizi wangu nani?" shangazi akauliza.

Akatajiwa Sista Felista, mkuu wa wodi pale pale Mchafukoge. Nilicheka kwa uchungu. Felista alifundishwa na shangazi mwenyewe hata kushika mkasi. Sasa mwalimu akasimamiwe na mwanafunzi? Njia nzima nilipayuka. Shangazi akasimama kuchagua nyanya, kana kwamba hanisikii.

Akaanza kazi. Kabla hata wiki haijaisha akarudi nyumbani na ile fomu, na sahihi ya Felista imekaa chini, nzuri, ina mkia. Mwanangu, nilifurahi kama mimi ndiye niliyepewa. Nikatoa sukari yangu niliyoificha, na sukari wakati huo ilikuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri, nikapika chai.

Shangazi akanywa, akashusha kikombe. "Chai yako tamu. Kesho tunairudisha hii fomu."

Nilidhani amechanganyikiwa. Usiku kucha niliulalamikia ukuta. Asubuhi nikamsindikiza, kwa udadisi tu, nione mtu anavyoukataa mkate uliokwisha kupakwa siagi.

Felista alitutokea barazani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii sahihi umetia baada ya kuona nini?"

"Nimekuona wewe, mwalimu wangu. Mimi nani nikusimamie?"

"Juzi, yule mama wa Buguruni aliposhindwa kusukuma, nilifanya nini?"

Felista akatazama sakafu. "Ulimkandamiza tumbo kwa juu, mwalimu."

"Zamani ndivyo nilivyokufundisha. Na sasa?"

"Sasa tumekatazwa. Inaweza kumpasua mama kizazi."

"Nilikandamiza nikaona mabinti wako wa wodini wanatazamana. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Niliona haya kukwambia."

Shangazi hakupaza sauti. Laiti angepaza, isingeniingia kama ilivyoniingia. "Mficha uchi hazai, Felista, nilikwambia hilo siku yako ya kwanza. Haya yako nusura imzike mtoto wa watu. Mimi nimekaa miaka naokota korosho, mambo yamebadilika, na sikuja hapa kuandikiwa kwamba nilikuwa mkunga hodari zamani." Akamwekea fomu mkononi. "Andika nyingine, ikae wazi mpaka utakaporidhika kweli. Na ndani ya wodi usiniite mwalimu. Niite Ndugu Somoe, kama tunavyoitana wote. Labda hilo litakufungua mdomo."

Njiani sikuweza kujizuia. "Shangazi, yule mama alipona. Mtoto alipona. Sahihi ulikuwa nayo mkononi. Tatizo liko wapi?"

Akasimama katikati ya barabara, watu wa baiskeli wakatupigia kengele. "Wewe ukisukuma mkokoteni umefumba macho, ukafika bila kugonga mtu, kesho utafumba tena?"

"Sitafumba."

"Kwa nini? Si ulifika?"

Nikatangulia mbele. Nikabaki na hasira yangu.

Mvua za masika zikapita, na yeye bado anakwenda na kurudi. Kila jioni nilimuuliza kama amepewa, kila jioni akasema bado. Felista ilimchukua muda. Mwanzoni alilitamka lile "ndugu" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyesemezana naye, kisha akageuka kando. Nikaanza kuamini kwamba shangazi ameipoteza leseni yake kwa kiburi cha unyofu, na nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia nikaoshe masufuria.

Kisha jioni moja akaingia uani anatabasamu mpaka pengo linaonekana. Nikaruka. "Umepewa?"

"Bado. Leo nimekaripiwa."

Akavua viatu, akanisimulia. Mama mmoja alikuwa amechoka, mtoto haji, na mkono wa shangazi ukapanda wenyewe juu ya tumbo, maana mazoea hayaombi ruhusa. Felista, kutoka upande wa pili wa chumba, mbele ya mabinti wote, akasema, "Ndugu Somoe, toa mkono hapo." Shangazi akautoa. Wakamgeuza mama akalala ubavu, wakamngoja, na mtoto akaja salama.

"Ameninyooshea hata kidole," shangazi akasema, akicheka kama msichana. "Yule sasa ndiye msimamizi."

Sahihi ya pili ilikuja baadaye, na leseni ikafuata. Sahihi hiyo haikuwa na mkia mzuri kama ya kwanza. Felista aliitia kwa haraka, kuna mtu alikuwa anajifungua. Mama Siwema alipopata mimba nyingine, shangazi ndiye aliyempokea mtoto, na safari hii mimi ndiye niliyeachwa langoni. Tangu hapo, kila muda wa kuhuisha ulipokaribia, shangazi alitangulia ofisini kabla hajaitwa, na kila palipokuwa na mafunzo alikaa benchi la mbele, bibi mzima kati ya wasichana.

Sasa wewe, mwanangu. Umeiacha leseni yako ya uuguzi ikalala wakati ukiuza vitenge, na sikulaumu, biashara nayo ni kazi. Lakini juzi umenijia na soda mkononi, unataka nimwone yule rafiki yangu anayesimamia mafunzo, akutilie sahihi ya mafunzo ambayo hukuyahudhuria. Umeniudhi. Nimezunguka nchi hii nikifanya kazi za kila namna, na nyingi kati ya hizo ukikosea unapasua gunia. Kazi yako ukikosea hupasui gunia. Nenda ukasimamiwe. Msimamizi akiwa mdogo kwako, mpe ruhusa ya kukusema, umpe kwa kinywa chako mwenyewe, maana sisi tumelelewa kumnyamazia mkubwa hata anapokosea. Ukishairejesha leseni usiiache ife tena. Na soda yako ipo hapa, sijaifungua, njoo uichukue.

Mungu akuoneshe njia ya kurudi kazini, aiweke mikono yako katika heri, na kila mkono wako utakapopanda pasipostahili, asikukoseshe mtu wa kukwambia uutoe.