Mjane Mwenye Mume

Siku hizi nikisikia msanii anauliza kama picha ipewe jina au isipewe, damu inanichemka. Mie nshapewa jina. Mume wangu akafa siku hiyohiyo, na alikuwa bafuni anaoga.

Ilikuwa hivi. Nimekaa kizingitini kwetu Jang'ombe, mtoto mapajani, uso mzima nimeupaka liwa ya urembo niliyoisaga kwa marashi. Anayeijua liwa anajua: ikianza kukauka hucheki, husemi, hata chafya unaimeza, maana uso ukitikisika kidogo tu inapasuka na kudondoka. Basi nimekaza uso kama nimefiwa na ukoo mzima.

Akapita kijana niliyesoma naye mpaka kidato cha nne. Darasani alikuwa akichora punda kwenye daftari la hesabu. Sasa anapiga picha za sanaa na kuzitundika kwenye nyumba moja Mji Mkongwe, kwa fremu na vioo. "Dada, nikupige? Usitikisike, mwanga mzuri huo." Nikamkubalia kwa nyusi. Ruhusa nilimpa, sisemi uongo. Ruhusa ya uso.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, nasikia kilio njiani. Mama mkwe wangu huyo, katoka kwao Mkokotoni, mkeka wa msibani kwapani, anaomboleza mpaka mlangoni. "Mwanangu! Mwanangu kafa, hata kuniambia hamkuniambia!"

"Shikamoo, mama. Nani kafa?"

Shikamoo hakuiitikia. Kanisukumia simu usoni. Picha ile, na chini yake maandishi: Mjane wa Mji Mkongwe. Mie si mjane, na Mji Mkongwe sikai. Mpwa wake kaiona mtandaoni, kamtumia.

"Na liwa usoni! Eda gani hiyo, mke wee? Mwanangu hajapoa kaburini, weye unajiremba?"

Ndipo mume wangu akatokeza, taulo kiunoni, povu la sabuni kichwani, anauliza kelele za nini. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Nyamaza wewe! Nnazungumza na mkeo."

Ilimchukua muda. Akamfinya mkono, akamfinya shavu, akalia upya, akamshukuru Mungu. Halafu hasira ikarudi, kubwa kuliko ya mwanzo. Huu ni uchuro, akasema. Mtu kumwandikia mwanawe kifo na kukitundika ukutani! Mume wangu anapiga plasta kwenye nyumba mpya za Fumba, ghorofa ya tatu. "Kesho hapandi jukwaa lolote. Ukutani keshakufa, unataka aanguke akamilishe? Lifutwe kwanza hilo jina." Na mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akasema, "Sawa, mama." Kama hafiki kazini kesho, nafasi yake anapewa mwingine.

Nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda kwenye ile nyumba ya picha Mji Mkongwe, mimi na mama mkwe.

Msanii alitupokea kwa adabu. "Mama yangu, jina lile si la mtu. Ni la hisia. Jina linamshika mtazamaji mkono."

"Hisia gani?" nikamuuliza.

"Ya kungoja."

"Nlikuwa nangoja liwa ikauke!"

"Unaona? Kungoja."

Nikamwambia aiache bila jina, basi. Akasikitika. Picha isiyo na jina, akasema, kila mtu anaona lake. Akaifunika kwa kiganja kadi ya jina iliyobandikwa chini ya picha na kumgeukia mama mkwe. "Mama, sasa hapa unaona nini?"

Mama mkwe akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Naona mtoto hajavalishwa kofia."

Ikawa zamu yangu kupigwa macho, na wote wawili.

Halafu mama mkwe akasema yeye ndiye mwenye msiba, jina atatoa yeye. "Andika: Mke wa Mtu, Mumewe Mzima." Msanii macho yakamng'aa. Akasema hilo lina nguvu kuliko la kwanza. Akaliandika kwa kalamu nzuri, akaibandika kadi, na mama mkwe akaisomea dua palepale. Akampigia mwanawe: kesho nenda kazini, ushafufuka.

Kila mtu karidhika. Nikasogea nikaisoma. Nikaisoma tena. Kwenye picha ile nimo mimi, yumo mtoto, kimo kizingiti. Mume wangu hayumo, hata ndara yake haimo. Lakini kwanza ilikuwa habari ya kufa kwake, na sasa ni habari ya uzima wake.

"Na mimi niko wapi?" nikauliza.

"Si ndiyo wewe huyo," mama mkwe akasema. "Mke wa mtu."

Nikaibandua kadi. Nikamwambia msanii aandike: huyu mtoto anaota meno, mama yake hajalala siku tatu, na leo ni mara ya kwanza tangu ajifungue kukaa nusu saa bila ya kuitwa na mtu.

Akahesabu maneno kwa vidole. "Dada, hilo refu. Halienei kwenye kadi."

"Na lile la mumewe mzima liandike chini, kwa herufi ndogo," akadakia mama mkwe.

Nikamwambia msanii alete kadi kubwa.